Shavu Kila Mtu Anaweza

Shavu halihitaji fundi. Limetanda, limekaza, linatazamana na kioo bila hila, na ukimpa kijana yeyote wembe na povu la sabuni atalipitia akamaliza salama. Ndiyo maana kila anayejitolea kuwafundisha wenzake kunyoa ndevu kwa wembe wa kukunja huanzia shavuni. Anauteremsha wembe taratibu, povu linaondoka, ngozi inang'aa, kisha anakugeukia kwa tabasamu la mtu aliyemaliza kazi. Hajamaliza. Hajaanza. Ndevu zenye kiburi haziishi shavuni. Ziko chini ya pua, kwenye pembe ya taya, chini ya kidevu, na pale kwenye kikoromeo kinachopanda na kushuka kila ukimeza mate. Huko mwalimu hakupeleki. Huko unakwenda wewe na Mungu wako.

Nina ugomvi wa muda mrefu na sehemu hizo, na leo nausema wote.

Wembe wenyewe sikuununua. Shemeji yangu, mdogo wake Mama Asha, anaishi Ujerumani. Mashemeji wa watu wakirudi kutoka Ulaya huleta viatu. Wangu aliniletea wembe wa kukunja uliotengenezwa Solingen, mji uliofua visu, mikasi na nyembe kwa karne nyingi, na ambao jina lake linalindwa kwa sheria tangu mwaka 1938: huruhusiwi kuligonga kwenye kisu kilichotengenezwa kwingine. Hayo yote alinieleza akiwa amekaa kwenye kochi langu, akila embe langu. "Shem, huu hautupwi. Huu utamrithisha mjukuu." Nikautazama. Mpini mweusi, ubapa uliokwanguliwa pande zote mbili mpaka makali yamebaki membamba ya kutisha. Nikamtazama na yeye. Ndevu zake zimefika kifuani. Nikamuuliza mbona yeye hautumii. Akajibu kwamba huko siku hizi mtindo ni kufuga.

Anayefuga ndevu ndiye anayegawa nyembe. Dunia imekaa hivyo.

Ukiupokea wembe wa aina hiyo umepokea na ndugu zake. Unahitaji mkanda wa ngozi wa kuutengenezea makali kabla ya kila kunyoa: unauburuta mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma, na ukikosea ukatanguliza makali, umeukata mkanda na wembe umeuharibu papo hapo. Niliutundika mkanda ule mlangoni mwa bafu. Wajukuu walipouona wakawa na adabu ya ajabu, wanasalimia mpaka paka, na hakuna aliyewaambia kazi yake halisi. Hiyo ndiyo faida pekee ya moja kwa moja ambayo zawadi ile imeiletea familia.

Halafu unahitaji maji ya moto, maana ndevu kavu hazikatiki, zinang'oka. Lazima zilowe dakika mbili tatu zilegee. Kwetu bomba hutoa maji likijisikia. Kwa hiyo unachemsha kwenye sufuria, unayabeba kwa kitambaa, unafika bafuni umeshatokwa jasho. Na jasho, msomaji, ndiye adui ambaye watu wa nchi za baridi hawamtaji kamwe. Kazi nzima ya wembe wa kukunja inategemea mkono wa pili, ule usioshika wembe, kuivuta ngozi ikakaza. Ngozi yenye povu na jasho la Desemba ya Dar es Salaam haivutiki, inateleza. Hapo nawashukuru wazee wa pwani kwa jiwe la shabu. Watu wanalijua kwa kukata damu, na kweli linakata, lakini kabla ya damu lina kazi bora zaidi: ukilisugua kwenye ncha za vidole, vidole vinashika.

Wazungu wenyewe walijua kwamba jambo hili si la mchezo. Mwaka 1769 fundi visu mmoja wa Paris, Jean-Jacques Perret, alitoa kitabu kizima cha kumfundisha mwanamume kujinyoa mwenyewe. Kitabu kizima! Naye huyo ndiye aliyebuni kuuvisha wembe kizuio cha mti ili makali yasizame nyamani. Fundi wa kutengeneza nyembe, na bado hakuziamini. Sisi habari hiyo tulishaimaliza kwa pumzi moja: kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata.

Sasa tuingie chini ya pua.

Ni eneo la upana wa kidole na nusu. Katikati lina kibonde, juu yake pua imetokeza, chini yake mdomo unasubiri kuumizwa. Wembe wenyewe makali yake ni marefu kuliko uwanja unaotakiwa kuuchezea. Maelekezo ya wajuzi yanasema: shika ncha ya pua, iinue juu, vuta mdomo wa juu ukakaze kwenye meno, halafu shusha wembe kwa vipande vifupi vifupi. Maelekezo hayo yaliandikwa na mtu mwenye pua ya kushikika. Pua niliyorithi kwa babu yangu ni pana, imetulia, haina ncha ya kukamatia. Ukiigusa na vidole vya povu inakuponyoka inarudi mahali pake, na wembe uko palepale unaitazama. Wembe wa shemeji una ncha ya mraba, ambayo wapenzi wa nyembe huisifu kwamba inafika kwenye kona za pua. Inafika kweli. Inafika na kwenye sikio, bila kualikwa.

Si mimi peke yangu niliyeshindwa na mahali hapo. Hadi Oktoba 1916 kanuni za jeshi la Uingereza zilimtaka askari anyoe kidevu na mdomo wa chini, lakini zilimkataza kunyoa mdomo wa juu. Wanaotetea kanuni ile wanasema ilikuwa heshima ya masharubu. Mimi nina hakika kulikuwa na jenerali aliyejikata. Na wala tusiende mbali. Tazama picha za wakubwa wetu. Mwalimu Nyerere aliacha kimasharubu chake palepale chini ya pua. Mzee Jomo Kenyatta aliacha ndevu za kidevu. Samora Machel aliacha kote kuwili. Watu huandika kwamba hiyo ilikuwa haiba ya uongozi. Mimi naona wanaume waliopima kazi, wakapima na wembe, wakaamua kwamba nchi ina mambo ya maana zaidi ya kushughulikia asubuhi.

Pembe ya taya nayo ina visa vyake. Mfupa umepinda, wembe umenyooka. Vikikutana vinagusana kwa kipande kidogo tu, na hicho kipande ndicho kinachokata. Mgongo wa wembe unatakiwa uinuke kutoka kwenye ngozi kwa nyuzi kama 30. Ukizidisha unakwangua, ukipunguza unavuta nywele badala ya kuzikata. Kushika nyuzi 30 kwenye shavu ni rahisi. Kushika nyuzi 30 kwenye kona ambayo nayo inageuka ni hesabu ya kidato cha sita, na unaifanya ukiwa na kaptula.

Siri, na hii nawapa bure, ni kwamba wembe haupelekwi kwenye mfupa. Ngozi ndiyo inayoletwa. Unaivuta ngozi ya taya kuelekea juu mpaka zile ndevu za pembeni zipande zikae shavuni, mahali tambarare, na huko ndiko unakozinyolea. Ufundi mzuri sana. Lakini ili kuivuta ngozi ya taya la kulia, mkono wa kushoto lazima uzunguke juu ya kichwa, kiwiko hewani. Mama Asha aliwahi kufungua mlango akanikuta katika hali hiyo, akafunga taratibu, akaenda kumpigia simu dada yake.

Na upande wa kushoto? Upande wa kushoto wajuzi wanataka ubadilishe mikono. Mkono wa kulia ukilazimishwa kwenda huko unaziba kioo, unanyoa kwa kubahatisha. Basi shika wembe kwa mkono wa kushoto, wanasema, utazoea. Jamani. Mkono huu tangu utotoni ulikatazwa hata kugusa tonge. Haukuaminiwa kupokea chenji kwa muuza duka. Leo niukabidhi wembe wa Solingen, tena shingoni?

Shingoni ndipo penye mambo. Ndevu za shavu zina utaratibu, zote zinaelekea chini, unazifuata. Za shingo yangu, upande wa kulia zinateremka, upande wa kushoto zinapanda, chini ya kidevu zinajizungusha zenyewe. Ni mkeka uliosukwa na mawifi wasiosemezana. Sheria ya kwanza ya kunyoa ni kufuata ndevu zinakolala. Nifuate zipi? Mtu anatakiwa apitishe vidole kwanza asikie ni wapi zinakwaruza na wapi zinateleza, aikariri ramani hiyo, kisha apake povu linaloifunika ramani yote.

Katikati ya vurugu hiyo kimekaa kikoromeo. Kuna shule mbili juu yake. Ya kwanza inasema meza mate, kikoromeo kikipanda kizuie hukohuko juu, unyoe chini yake. Jaribu. Jaribu kuzuia mate njiani huku wembe uko kooni na mjukuu anagonga mlango, "Babuuu, nimebanwa!" Shule ya pili ina akili zaidi: usikishughulikie kikoromeo kabisa, ivute ngozi pembeni mpaka ihame kutoka juu ya kile kibonge, unyoe kando, kisha uirudishe. Hiyo inafanya kazi, siwezi kuwadanganya. Ngozi ya shingo inahama kuliko tunavyodhani, hasa kwa sisi tuliokula chumvi kidogo.

Kwa hiyo tuseme umejifunza yote. Umeinua pua, umeleta taya shavuni, umehamisha kikoromeo. Ukataka uso uwe laini kabisa, ukafanya kama mabingwa: mara ya kwanza kufuata ndevu, mara ya pili kukata kwa ubavu, mara ya tatu kinyume. Ukajipapasa. Hakuna kitu. Laini! Ukatoka kifua mbele, ukapiga picha kwenye harusi ya mtoto wa rafiki.

Subiri siku mbili.

Hapa ndipo uchungu wangu wote ulipo. Mtu wa nywele za singa, unywele wake unatoka kwenye ngozi umenyooka, na ukikatwa unaendelea na safari yake ya nje. Sisi wa kipilipili, shimo lenyewe la unywele limepinda ndani ya ngozi, na unywele unatoka ukiwa tayari umeanza kujikunja. Ukiukata karibu sana na ngozi unauachia ncha kali. Ukikua kidogo tu unajikunja, unaitazama ngozi iliyo jirani, unaichoma na kuingia. Huyo ni wa kwanza. Wa pili ni mbaya zaidi: uliivuta ngozi ikakaza, ukaukata unywele, ukaiachia ngozi, na unywele ukazama chini ya usawa wa ngozi. Ukianza kukua hautafuti hata mlango. Unatoboa ukuta humohumo ndani. Mwili unaona kitu kigeni, unapigana nacho, na hapo ndipo vinapozaliwa vile vipele vya ndevu, vyeusi, vinavyowasha, vimejipanga shingoni palepale ulipojivunia.

Mmeona? Ule ufundi wote niliousimulia, wa kuvuta na kukaza na kupita kinyume, ndio unaovileta. Kadiri unavyokuwa hodari ndivyo unavyoota vipele. Mvivu anayepitisha mashine na kuacha kivuli cha ndevu ana shingo safi. Mimi mwenye wembe wa kurithisha wajukuu nina shingo ya kufunika kwa kola. Na shingo ndiyo inayoumia kuliko shavu, kwa sababu ndiko ndevu zinakolala hovyo na ndiko tunakovuta sana. Eneo gumu kulinyoa ndilo hilohilo linaloadhibu zaidi likinyolewa vizuri.

Wako watu ambao jambo hili liliwafikisha mahakamani. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa huko Marekani iliamua shauri la mwanamume mweusi aliyefukuzwa kazi ya kupeleka piza mjini Omaha, jimbo la Nebraska, kwa kuwa hakunyoa ndevu, naye alikuwa na vipele hivihivi. Mahakama iliona kwamba sharti la kunyoa lilikuwa likiwaumiza wanaume weusi kuliko wengine, na kwamba kampuni haikuonyesha sababu ya kutosha ya kulishikilia. Mimi nikiwa na kesi nitaipeleka wapi? Nimewahi kufanya kazi chini ya bosi aliyeamini kwamba ndevu za siku moja ni dalili ya wizi. Na ukweni ni hivyohivyo. Ukienda na kivuli cha ndevu, wanauliza kama uko salama, kama kazi bado ipo.

Nyumbani nako hakuna wa kunielewa. Nikijaribu kunyoa kwa akiba, Mama Asha ananipitisha kiganja kidevuni na kuuliza, "Baba Asha, umenyoa au umezitisha tu?" Nikinyoa mpaka mwisho, baada ya siku mbili huyohuyo ananitazama shingo: "Umelala bila neti?"

Basi mara nyingi nakwenda kwa fundi wa mtaani. Kwa jambo moja nampigia saluti: anautoa wembe mpya mbele ya macho yako, anauvunja katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, na nusu anaichomeka kwenye kishikio. Tuliokuwepo enzi zile UKIMWI ulipoingia na kila redio ikahubiri kutochangia nyembe tunajua desturi hiyo ilikotoka, na tusiiache. Lakini baada ya hapo tunaanza kugombana. Shavu analipita vizuri, anapiga stori za mpira. Akifika shingoni ananyamaza, anakuinamisha kichwa nyuma, anaivuta ngozi kwa kidole gumba, na unajua kabisa anachotaka.

"Mzee, nikupige kinyume?"

"Acha."

"Itabaki inakwaruza, mzee."

"Ibaki."

"Nipite kidogo tu, baba. Watu wataniuliza nani kakunyoa."

Hapo ndipo ilipo siri yake. Shingo ni yangu, vipele ni vyangu, ila laini ni yake, ni tangazo la duka lake linalotembea mtaani. Na anapita kweli. Unafanyaje? Mtu ameshika wembe, wewe umeangalia dari. Duniani hakuna mjadala ambao upande mmoja umezidiwa kama ule. Akimaliza anamwaga spiriti kwenye pamba, anakupigapiga nayo shingo nzima, unaona nyota, yeye anakuuliza, "Inawaka eeh? Ndiyo dawa."

Wembe wa Solingen nao upo. Mama Asha ameugundua, anasema haujapata kutokea mfano wake kwa kufumulia mishono. Jumapili nauchukua kabla hajaamka, nauburuta kwenye mkanda, nanyoa mashavu mawili kwa raha zangu zote, kuanzia taya kushuka chini namwachia Mungu na mashine.

Ninalo ombi kwa mafundi wote wa saluni za kiume, kuanzia Tandika hadi Tanga. Shavu nyoeni mpendavyo. Chini ya pua, pole pole, na msishike pua ya mtu bila kumwambia. Mkifika shingoni, piteni mara moja tu, kuelekea zinakolala ndevu zenyewe, bila kuvuta ngozi, kisha wekeni wembe chini, hata kama inakwaruza. Mteja akiulizwa nani kamnyoa, atawataja kwa mema. Na hiyo spiriti, punguzeni.